Albamu ipi kali kati ya hizi za makundi mawili ya wasichana wa K-pop (pop ya Korea Kusini): Get Up ya NewJeans au Armageddon ya aespa?
Get Up (Julai 2023) ina nyimbo 6, dakika 12 na ushee tu. "Super Shy" inakimbia kwa mdundo wa Jersey club (muziki wa dansi wa kasi kutoka New Jersey, Marekani) huku sauti zikinong'ona. "ETA" inakuja na milio ya tarumbeta inayochokoza. Wimbo uliobeba jina la albamu haufiki hata dakika moja. Uchoyo huo jamani!

Armageddon (Mei 2024) ina nyimbo 10, na aespa hawanong'oni. "Supernova" inakuvamia tangu sekunde ya kwanza. Gitaa la "Licorice" linachezesha mabega, na kwangu hapo ndipo penye utamu wote. "Long Chat" huwa nairuka. "Live My Life" ni roki ya ujana, nzuri. Ila kwa kurudiarudia, NewJeans wanashinda, tena kwa "Cool With You" pekee.