Fundi aliniambia masikio yangu ndiyo yameungua

Nilitaka kuandika haya siku ileile, lakini maneno niliyokuwa nayo hayaandikiki. Nikasema nipoe kwanza. Sijapoa.

Wufa yangu ya kulia, yaani spika ya besi, iliungua. Kosa langu, nakubali: amplifaya ndogo, sauti nimeifungulia mpaka mwisho, muziki unakwaruza na mimi nacheza tu. Ikaja harufu ya kuungua, kisha kimya. Nikashika mita ya kupimia umeme. Ya kushoto ilisoma omu 6 hivi (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme), kawaida kwa spika iliyoandikwa omu 8. Ya kulia haikusoma kitu. Koili, ule waya uliosukwa ndani ya spika, imekatika.

Kila niliyemuuliza alisema tupa, nunua nyingine. Lakini aina ile haitengenezwi tena, na ukifunga wufa mbili zisizofanana zitaimba kama majirani waliogombana. Halafu kwa nini nitupe? Sumaku nzima, fremu nzima, koni, ile sehemu ya mbele inayotikisika, haina tundu. Kilichokufa ni waya mwembamba tu. Nikaitoa kwenye boksi, nikampelekea fundi anayesifika kwa kusuka koili.

Siku chache alizoniahidi zikawa wiki kadhaa. Eti gundi inakauka. Gundi gani hiyo! Lakini nilipoichukua, niliibonyeza koni taratibu kwa vidole pande zote, ikashuka na kupanda bila kusugua popote. Hapo ndipo mafundi wengi huharibu, maana upenyo wa koili kwenye sumaku ni mwembamba mno. Ikiegemea upande kidogo tu, unasikia mkwaruzo. Huyu aliiweka katikati barabara. Mita ikasoma omu 6. Nilirudi nyumbani nikiimba.

Nikafunga, nikawasha. Besi hakuna. Si kwamba imepungua, haipo! Sauti ya mwimbaji nayo, badala ya kusimama katikati ya spika mbili, imetawanyika ukutani, hujui inatokea wapi. Nikaangalia waya zangu: nyekundu iko kwenye alama nyekundu. Nikaitoa tena, nikamrudishia.

Akaiweka mezani, akaigusisha kwenye redio yake, koni ikatikisika. "Si hiyo inapiga? Spika nimeshaiponya. Kilichoungua sasa ni masikio yako, hayo mpelekee daktari." Wateja wawili wakaangua kicheko. Nikabeba spika yangu kama mtoto aliyefukuzwa darasani.

Usiku huo sikulala vizuri. Nikairudisha kwenye boksi, nikapiga upande wa kulia peke yake: besi ipo, tena nzito. Kushoto peke yake: ipo. Zote mbili pamoja: imeyeyuka. Hapo nikanyanyuka kitini.

Nikachukua betri ndogo ya volti 1.5, nikaigusisha kidogo tu nyuma ya kila boksi, chanya kwa chanya. Koni ya kushoto ikaruka nje. Ya kulia ikaingia ndani.

Umeelewa? Ncha za koili alizipiga lehemu kinyume! Wufa moja inasukuma hewa, mwenzake anaivuta, na besi zinauana hapohapo hewani. Kwenye meza yake asingeligundua hata angekaa mwaka mzima, kwa sababu alijaribu spika moja, na spika moja haina wa kupingana naye. Angeniambia tu, "lete na ya pili." Au angetumia betri, kazi ya sekunde mbili. Badala yake akafanya watu wanicheke.

Nikafungua boksi, nikabadilisha waya palepale kwenye wufa (si nyuma ya boksi, maana hapo ningeigeuza na twita, spika ndogo ya sauti nyembamba, ambayo haina kosa). Nikawasha.

Jamani. Kioo cha dirisha kilitetemeka. Mwimbaji akarudi katikati, amesimama wima. Sitasema ni nzuri kuliko ilipokuwa mpya, sina ushahidi, lakini nilisikiliza mpaka usiku wa manane, na kadiri nilivyofurahi ndivyo nilivyozidi kumkasirikia yule bwana. Mkono kama ule, na mdomo kama ule! Angekuwa fundi mbovu ningemsamehe.

Kwa hiyo kutengeneza badala ya kununua: ndiyo, kabisa, kama sumaku na fremu ni nzima. Kwake yeye: hapana, msiende. Au nendeni, lakini mwende na spika zote mbili, na msiondoke kabla koni hazijaruka upande mmoja mbele yake.

Tatizo ni kwamba jana nimeikagua ile ya kushoto. Sponji ya ukingoni imeanza kumong'onyoka, uzee tu, ukiigusa inabaki kidoleni. Mwingine wa kuibandika ukingo mpya bila kuipindisha koili simjui. Nitampelekea yeye. Betri nitakuwa nayo mfukoni.