Jeki ya maiki ya laptopu au intafesi ya USB, ipi ya kurekodia santuri na gitaa?

Kuchomeka kebo moja kwa moja kwenye laptopu ni bure, hapo sibishi, ila lile tundu la maiki mara nyingi ni mono, kwa hiyo santuri ya stirio hupati kulia na kushoto, na gitaa linaingia limefifia halafu kuna ule mvumo wa chaja (ichomoe, unapungua). Intafesi ndogo (kiboksi cha nje cha kuingizia sauti kwenye kompyuta kwa USB) kama Scarlett 2i2 ina chaneli 2, biti 24, na kitufe cha Inst cha gitaa la umeme, na kwenye Windows ukiweka draiva yake ya ASIO (programu ya kupitisha sauti haraka) sauti haichelewi sana masikioni.

Sasa gramafoni ndo wengi wanakwama, maana katriji ya MM (kile kichwa chenye sindano, aina ya sumaku inayocheza) inatoa kama milivolti 5 tu na besi ilipunguzwa makusudi santuri ilipokatwa, kwa hiyo lazima ipitie priampu ya phono (kikuza sauti cha gramafoni) yenye RIAA (marekebisho yanayorudisha ile besi) kwanza, iwe jeki iwe intafesi, bila hiyo utasikia kisauti chembamba tu. Kama gramafoni yako ina swichi ya PHONO/LINE, priampu imo ndani tayari, weka LINE, umemaliza.

Kama ni kuhamisha santuri za taarabu za bibi tu, gramafoni ya USB inatosha bwana. Gitaa je? Intafesi, hata used.