Mtambo mzuri wa faiba, ila uupe jina mapema

Mitambo hii ya kusafirisha data kwa faiba nimefunga minne, na huu ni mwezi wa saba tangu nianze kuisimamia nikiwa kwenye kiti changu. Kwenye mwanga unaobeba data sina neno nayo. Viwango vinatulia, feni hazipigi kelele, kadi zinaingia bila kusukumwa kwa kiganja. Shida ipo pale ambapo kipeperushi cha muuzaji kimepatengea mstari mmoja tu: kuingia kwa mbali.

Ukiutoa kwenye boksi, Telnet, njia ya kuingia kwa mbali isiyoficha nywila, iko wazi, na SSH, ile inayoficha, imezimwa. Hilo lina aibu yake, lakini ni la dakika tano. Lililonitesa ni nafasi za kuingia. Ziko tano, na muda wa kukaa kimya umewekwa sifuri, yaani hakuna anayetolewa hata akae mwaka. Wiki ya kwanza laptopu ilinizimikia, mwenzangu naye akafunga dirisha bila kutoka, mchezo ukawa huohuo mpaka nafasi zikaisha. Data inapita vizuri, sisi tuko nje ya mlango. Ikabidi niende saiti na kebo ya konsoli, ile inayochomekwa kwenye mtambo wenyewe (mipangilio: kasi 9600, biti nane, bila pariti). Humo ndani nikakuta watu watano wamelala, watatu kati yao ni mimi. Siku hizi naweka dakika kumi kabla sijafanya jingine lolote.

Halafu majina. Yote minne ilifika na TID (jina la mtambo) moja ya kiwandani. Wanaotumia TL1, lugha ya kuiamuru mitambo ya aina hii, wanajua maana yake: mtambo mmoja ndio lango, mingine iko nyuma yake, na amri inafuata jina ulilotaja. Niliuita wa mwisho kwa RTRV-HDR, amri ya kuuliza kama mtambo upo, nikajibiwa COMPLD, yaani imekamilika, nikaendelea kwa raha zangu. Nilipolinganisha namba za kadi ndipo nikaona kwamba muda wote nazungumza na wa pili! TID inabeba hadi herufi 20, zinatosha kabisa kutaja jengo, raki na nafasi. Simba na Chui waachie wenye timu za mpira. Saa nane usiku hutakumbuka Chui yuko ghorofa gani.

Kisa cha mwisho ndicho kilichonipunguzia nyota. Tulibadilisha kadi ya udhibiti, mipangilio ikarudi yote, taa kijani. Usiku mzima hakuna alamu hata moja iliyofika kwetu, tukadhani mtandao umetulia. Kumbe kwenye SNMPv3, itifaki inayotuletea alamu, kila mtambo hujitambulisha kwa kitambulisho cha injini, na huu hukitengeneza kutokana na anwani ya MAC, namba ya kiwandani ya kadi. Kadi mpya, kitambulisho kipya. Na kwa kuwa funguo za siri za watumiaji wa SNMPv3 hukokotolewa pamoja na kitambulisho hicho, seva yetu ilikuwa inazitupa alamu kama za mgeni asiyejulikana. Mwongozo haukusema chochote.

Dawa ipo, na ni haki niseme kwamba mtambo wenyewe unairuhusu: andika kitambulisho cha injini kwa mkono, kisha ndipo utengeneze watumiaji. Ukianza na watumiaji, utawaingiza upya mmoja mmoja.

Nyota tatu na nusu. Wa tano tumeshauagiza, na karatasi yenye jina lake nimeibandika kwenye raki tupu.