Remington 870 ya marehemu baba, na fundi aliyenitoa jasho Nakuru

Hili limenikaa kooni tangu juzi, acha nilitoe.

Bunduki ninayo kwa cheti halali, nimeirithi kwa baba pamoja na shamba letu la Molo. Aina hii ilianza kuuzwa 1950, na zimetengenezwa zaidi ya milioni 11. Ukiishika huulizi kwa nini. Mwili ni chuma kitupu, pampu, yaani kile kishikio cha mbele unachovuta na kusukuma ili kuingiza risasi, inateleza kwa vyuma viwili wala haiyumbi. Rangi imechubuka, kitako kinang'aa pale baba alipokuwa akilaza shavu. Risasi dhaifu, risasi kali, zote inakula, kwani inajazwa kwa nguvu ya mkono wako mwenyewe.

Sasa juzi kwenye uwanja wa shabaha ikagoma. Risasi iliteleza ikaingia chini ya kile kibati cha kuinulia risasi, pampu haiendi mbele wala nyuma. Nikaipeleka kwa fundi mmoja mjini. Nikamwambia mapema, "Kijana, kuna risasi nzima tumboni." Hata macho hakuinua. "Mzee, hii peleka makavazi." Akashika nyundo na bisibisi, akaanza kugonga! Hakuuliza kama kwenye chemba, pale nyuma ya mtutu risasi inapolipukia, kuna nyingine. Mtutu umeelekea mlangoni, na mlangoni pale mama na mtoto wake wamejikinga mvua. Nilipomshika mkono akanifokea, "Usinifunze kazi!" Mimi, ambaye baba alinizaba kofi nikiwa na miaka tisa kwa kumwelekezea mbwa bunduki tupu!

Niliichukua, nikarudi uwanjani. Mzee mmoja pale aliisukuma risasi kwa kibati chembamba ikarudi ilikotoka, dakika mbili tu. Akanieleza kuwa kukwama huko kunajulikana kwa zile za zamani. Za baadaye kibati cha kuinulia kilikatwa upya ili usipate taabu hiyo.

Basi nikaapa, hata mke wangu alinisikia: za zamani mtu asinunue, atafute mpya. Usiku nikaipangua, nikaifuta mafuta, nikavuta pampu. Laini vilevile, kama siku ile baba aliponiruhusu kuivuta mara ya kwanza. Hapana, nafuta kauli. Mpya wanunue wengine, hii haitoki nyumbani kwangu.

Ila kovu la bisibisi liko ubavuni, kila nikilipapasa damu inachemka. Na alinitoza elfu mbili. Nilimlipa, maana nilitaka tu yule mama na mtoto watoke pale mlangoni.