Nilivyodai 94,400 yangu kwa anayenihifadhia tovuti

Tovuti yangu ya nguo za watoto iko mwaka wa nne sasa kwa mtoa huduma mdogo wa Dar es Salaam. Ni kijana mmoja na msaidizi wake. Mimi niko Tanga na hatujawahi kuonana uso kwa uso, tunajuana kwa simu na WhatsApp. Huduma yake ni nzuri. Tovuti haizimiki ovyo, bei naimudu, na nikikwama napigia mtu anayenijua kwa jina. Ninachotaka kueleza hapa ni kilichotokea Ramadhani ya 2025, aliponitoza mara mbili kwa kitu kimoja, kwa sababu siku hizo ndizo zilizonionyesha ni mtu wa aina gani.

Februari nilipokea ankara ya mwaka: kuhifadhi tovuti 80,000, domeni ya .com, yaani anwani ya tovuti, 45,000, na VAT asilimia 18, jumla 147,500. Nililipa siku hiyohiyo kwa Lipa Namba. Tarehe 5 Machi ikaingia ankara nyingine kwenye barua pepe, ya 94,400, ikiwa na maandishi mekundu kwamba nisipolipa ndani ya siku tatu tovuti itafungwa. Wanaouza nguo za watoto wanajua Ramadhani ni nini kwetu. Oda za Idi ndizo zinazolipa kodi ya fremu ya duka miezi inayofuata. Sikuuliza, nikalipa. Usiku, baada ya kufunga hesabu za siku, ndipo nikaziweka ankara zote mbili mezani na kuona kwamba nimelipia mwaka uleule mara mbili.

Niliumia. Kwangu 94,400 ni kitambaa cha magauni kadhaa. Nilianza kuandika meseji nikiwa na hasira, ikawa ndefu, na ndani yake lilikuwemo neno "wizi". Sikuituma. Nikaswali, nikalala, na baada ya daku nikaandika nyingine, ambayo ninayo hadi leo:

"Assalaam alaykum kaka, pole na kazi na swaumu. Naomba tuangalie pamoja ankara mbili. Ya Februari, 147,500, nililipa, meseji ya muamala hii hapa. Ya tarehe 5 Machi, 94,400, nayo nililipa jana, muamala wake huu. Zote mbili zinataja kuhifadhi tovuti kwa mwaka huuhuu. Nadhani hii ya pili ni ya kifurushi changu cha zamani, kile ulichonihamisha Januari nilipoomba nafasi zaidi. Kama nimekosea naomba unielekeze. Kama ni kweli, naomba unirudishie 94,400 kabla ya Jumatatu ikiwezekana, maana nanunua mzigo wa Idi."

Sehemu iliyofanya kazi kubwa zaidi hapo, kwa maoni yangu, ni ile ya kifurushi cha zamani. Nilitumia karibu saa nzima kutafuta meseji za Januari ili nijue kosa limetoka wapi kabla sijamkabili mtu. Mtoa huduma mdogo hana idara ya malipo. Ukimwambia tu "mmenitoza mara mbili", inabidi aache kazi za wateja wengine aanze kuchimba. Ukimpa namba za ankara, meseji za muamala na dhana yako, anabaki na kazi ya kuhakiki tu. Kiasi unachodai nacho kitaje kwa tarakimu. Nimewaona wenzangu wakizunguka na "naomba unifikirie", wanakuja kufikiriwa nusu.

Alinipigia baada ya tarawehe. Akakiri palepale: mfumo wake hutoa ankara wenyewe, na aliponihamisha alisahau kufuta kifurushi cha zamani. Aliomba radhi bila kuzunguka, na hilo ndilo lililonifanya nibaki kwake.

Hata hivyo hatukumaliza siku hiyo. Aliniomba pesa yote ibaki kama salio la mwaka ujao, kwa kuwa risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, ilikuwa imeshatoka na pesa ameshaitumia kulipia seva. Nilimwelewa, lakini shida yangu nami ilikuwa ya kweli. Nikamwambia, "Kaka, nakuelewa, lakini mwaka ujao ni mbali na mzigo wangu ni wiki hii." Tukakubaliana anirudishie 50,000 sasa, na 44,400 iliyobaki ikatwe kwenye ankara itakayofuata. Tulipokata simu nilimwandikia: "Kama tulivyoongea usiku huu, 50,000 kufikia Ijumaa, 44,400 ni salio langu la mwaka ujao. Naomba unijibu hapa kama ndivyo." Akajibu "Ndivyo dada". Sikufanya hivyo kwa kutomwamini. Mtu wa wateja wengi husahau, nami pia husahau.

Ijumaa ikapita kimya. Jumamosi asubuhi nilimkumbusha kwa mstari mmoja, bila lawama. Adhuhuri pesa ikaingia, na ya kutolea juu yake.

Kuna waliouliza kwa nini sikumwanika Instagram au kumtishia kwa Tume ya Ushindani. Najua Sheria ya Ushindani ya 2003 inamlinda mlaji, na kama angekana ningeandika malalamiko rasmi, kwa adabu ileile. Lakini ukianza na tishio, mtu mdogo anaogopa, na mwenye hofu hujificha: hapokei simu, anakublock. Wewe unabaki na haki yako na tovuti iliyofungwa.

Hapo niseme na jambo la domeni, maana wengi huponzwa nalo. Kabla ya kutuma meseji ile niliangalia kwenye whois, orodha ya wazi ya usajili wa domeni, na kwenye akaunti yangu kama domeni imeandikwa kwa jina na barua pepe yangu, na kama tarehe ya mwisho imesogezwa mwaka mmoja mbele. Vyote vilikuwa sawa. Ingekuwa imeandikwa kwa jina lake, ningezungumza nikiwa mnyonge, kwa sababu anayeishika domeni ndiye anayeshika duka. Wewe unayesoma hili, angalia leo, mkiwa bado mnapatana.

Nampa nyota nne. Moja namnyima kwa mambo mawili ambayo nimeshamwambia mwenyewe: ankara zake hazionyeshi malipo yanahusu kipindi gani, kuanzia lini hadi lini, na yale maandishi mekundu ya siku tatu yanamtisha mteja alipe kabla hajasoma. La kwanza amelirekebisha. La pili bado, na nitaendelea kumkumbusha.

Februari iliyofuata ankara mpya ilikuja ikiwa na tarehe za kuanza na kuisha. Chini kabisa, kabla sijamwambia lolote, palikuwa pameandikwa: salio la mteja, 44,400, limekatwa.