Nta ya sakafu kwenye meza ya randa: uzoefu wangu Mafinga

Nta ninayoizungumzia ni ile ya kopo, ngumu, isiyo na rangi, ya kung'arishia sakafu. Naipaka kwenye meza za chuma cha kusubu, yaani meza za mashine ya randa na ya msumeno, zisishike kutu, na kwa kazi hiyo naiweka mbele ya oili chafu, grisi na dawa za kopo za kupuliza kwenye chuma. Kwa patasi na nyuzi za skrubu siipendekezi.

Kutu ya huku kwetu haitokani sana na mvua inayovuja. Meza ya randa ni nzito. Usiku inapoa, na asubuhi inabaki baridi wakati hewa ya nje imeshapata joto. Ukifungua milango saa tatu, hewa yenye unyevu inaingia, inagusa chuma baridi na kugeuka matone. Chuma kinatoa jasho hata kama bati la karakana halina tundu. Tangu Desemba hadi Aprili hali hiyo ni ya kawaida, na ukungu wa Mufindi unaiongezea nguvu. Jiko la mafuta ya taa la kupasha karakana joto linazidisha tatizo, kwa sababu mafuta yakiungua yanatoa mvuke mwingi wa maji.

Grisi inazuia maji kweli, lakini kwenye meza ya kazi inashika vumbi. Paini nyingi tunayopasua ni mbichi, na vumbi lake lina maji, kwa hiyo unakuwa umekifunika chuma kwa tope la mbao. Oili chafu ina masizi na tindikali za injini, na inaacha madoa yanayojitokeza hata chini ya vanishi. Dawa ya kupuliza ni nzuri ya kuondoa maji kwenye chuma kilicholowa, ila utando wake ni mwembamba, mbao chache zikipita umekwisha. Nta inakauka, vumbi halinati, na ubao unateleza bila kuusukuma kwa nguvu. Huo utelezi peke yake ni sababu tosha ya kuinunua.

Ukinunua, fungua kopo uinuse. Iwe na harufu ya tapentaini au mafuta ya taa. Ile ya majimaji iliyochanganywa na maji iache. Nyekundu pia iache, maana paini ni nyeupe na rangi itahamia kwenye ubao. Nta ya magari yenye silikoni ndiyo mbaya kuliko zote: silikoni ikigusa ubao, vanishi inakataa kushika, inajikusanya na kuacha vishimo.

Kazi yenyewe ifanye mchana, chuma kikiwa na joto. Chomoa mashine kwenye umeme. Futa ulimbo wa paini kwa kitambaa chenye tapentaini, kisha sugua kutu kwa msasa namba 320 uliozungushiwa kipande cha ubao kilichonyooka. Ukisugua kwa vidole utachimba mabonde. Malizia na namba 400, ukifuata urefu wa meza. Futa unga wote, pitisha tena tapentaini, subiri ikauke kabisa. Ukipaka juu ya unyevu, umeufungia ndani, na kutu itaendelea chini ya nta bila wewe kuiona.

Kijiko kimoja cha chai cha nta kinatosha meza ya randa ya kawaida. Ipake kwa kitambaa cha pamba, nyembamba, kwa kuzungusha. Baada ya dakika 10 hadi 15 itafifia kama kioo kilichopuliziwa pumzi; hapo ing'arishe kwa kitambaa kikavu mpaka mkono usihisi kunata. Wanaokosea wengi wanapaka nene wakidhani ndiyo ulinzi. Nta nene inabaki laini, inakusanya vumbi, na unarudi kwenye shida ya grisi. Rudia mkono wa pili kesho yake. Vitambaa vyenye tapentaini vitandaze nje vikauke, visiachwe karibu na maranda.

Kujua kama imeisha, dondosha tone la maji. Likisimama duara, nta ipo. Likitandaa, paka upya. Masika napaka kila wiki tatu, kiangazi inafika miezi miwili. Mashine inayofanya kazi kutwa inahitaji mapema zaidi.

Sasa udhaifu wake. Nta haivumilii ubao mbichi uliolazwa juu ya meza usiku kucha. Asubuhi utakuta umbo la ubao limechorwa kwa kutu, na mlingoti (mkaratusi) unaacha weusi kwa sababu ya tanini, kemikali ya mti inayogeuka nyeusi ikikutana na chuma. Mbao zilizotiwa dawa ya kijani ya kuhifadhi mbao ni hatari zaidi, kwa kuwa chumvi za shaba zinaharakisha kutu. Zikiwa bado mbichi usizipitishe. Zikikauka, futa meza mara tu ukimaliza.

Patasi na visu vya randa vipake matone mawili ya mafuta ya cherehani kwa kitambaa, na usivishike tena kwenye makali, maana jasho la vidole lina chumvi. Skrubu ya kupandisha meza isafishe kwa brashi ya waya, kisha isugulie unga wa risasi ya penseli, usiweke oili.

Jioni funika meza kwa shuka la pamba. Nailoni au turubai likigusa chuma linazuia unyevu usitoke, na matone yanajikusanya chini yake hata kama nta ni ya jana.