Miezi minane na Scratch: tathmini ya mzazi wa Dodoma

Programu ninayoitathmini hapa inaitwa Scratch, nayo humwezesha mtoto kuunda gemu zake mwenyewe kwenye kompyuta. Nimeitumia nyumbani kwangu Nkuhungu, jijini Dodoma, kwa miezi 8, pamoja na mwanangu wa miaka 10 anayesoma darasa la nne na binti wa jirani aliye darasa la sita. Niliitafuta kwa sababu ya kibanda cha gemu kilichofunguliwa mtaani kwetu. Mwanangu alikuwa anapotelea huko kila atokapo shule, na makaripio yangu yote hayakumzuia hata wiki moja. Siku moja nilimfuata, nikasimama mlangoni bila yeye kuniona, nikamtazama akirudia penalti moja mara kumi na zaidi, akibadilisha upande, akibadilisha nguvu, akikosa na kujaribu tena. Subira ya namna ile sikuwahi kuiona kwenye daftari lake la hesabu. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama subira hiyo inaweza kupewa kazi ya kuunda gemu, badala ya kuishia kwenye kulicheza.

Jibu la kwanza nililolijaribu lilinigharimu fedha na kunivunja moyo. Nilimwandikisha kwenye mafunzo ya likizo yaliyotangazwa kuwa ya kuwafundisha watoto kuandika programu za kompyuta. Kwa majuma mawili alirudi na daftari lililojaa maana ya kompyuta, sehemu za kompyuta na aina za kompyuta, yote kwa Kiingereza, yote yamenakiliwa kutoka ubaoni. Mashine zenyewe walizigusa mara tatu, watoto wanne kwa mashine moja. Sipataji mahali hapo wala sina nia ya kumvunjia mtu heshima, ila naandika kwa sababu wapo wazazi wanaojinyima ili kulipia mafunzo ya aina hii, na mtoto akimaliza anaweza kukariri kompyuta ni nini bila kuwahi kuipa hata amri moja ya kwake mwenyewe.

Scratch ilitolewa kwa umma mwaka 2007, mwaka uleule kilipoanzishwa Chuo Kikuu cha Dodoma. Iliundwa na watafiti wa Media Lab katika chuo cha MIT nchini Marekani, wakiongozwa na Mitchel Resnick. Asili yake inarudi nyuma zaidi, hadi kwenye lugha ya kuipa kompyuta amri iitwayo Logo, ya mwaka 1967, ambayo mmoja wa waasisi wake, Seymour Papert, alikuwa Mwafrika Kusini mzaliwa wa Pretoria. Papert alishikilia kwamba mtoto ndiye anayepaswa kuiongoza kompyuta, wala si kompyuta kumwongoza mtoto, na kwamba mtu hujifunza kwa kina anapounda kitu anachokijali. Jina lenyewe limetokana na ule ufundi wa madijei wa kuirudisha santuri mbele na nyuma kwa mkono mpaka itoe sauti mpya, kwa kuwa watumiaji wa Scratch wanaruhusiwa kuchukua kazi ya mwenzao, kuifungua na kuibadilisha. Toleo la tatu, ambalo ndilo tunalolitumia, lilitoka Januari 2019. Halilipiwi hata senti moja. Limekusudiwa watoto wa miaka 8 hadi 16, ingawa hata Chuo Kikuu cha Harvard huanza nalo katika kozi yake maarufu ya utangulizi wa sayansi ya kompyuta, CS50.

Mtoto haandiki amri kwa herufi. Anavuta kwa kipanya matofali ya rangi, kila moja likibeba amri yake, na kuyapachika moja chini ya jingine: ya bluu ni ya mwendo, ya manjano ni ya matukio, na mengine yana rangi zake. Tofali lisilofaa mahali fulani halishiki, kwa hiyo makosa ya nukta na mabano yanayowachosha wanaoanza lugha nyingine hayapo hapa. Bendera ya kijani huanzisha gemu na alama nyekundu hulisimamisha. Jambo lililonifurahisha kuliko yote ni kwamba kwenye orodha ya lugha Kiswahili kimo. Watoto wa shule zetu za msingi za umma wanafundishwa kwa Kiswahili, na nimeona kwa macho yangu tofauti kati ya mtoto anayesoma tofali na kulielewa, na mtoto anayebahatisha maana ya neno la kigeni huku akihangaika na wazo jipya kwa wakati uleule. Mizigo miwili kwa pamoja ni mingi mno kwa mtoto wa darasa la nne.

Gemu lao la kwanza la maana lilihusu zabibu. Babu yake mwanangu analima zabibu Hombolo, na mtoto alikuwa amerudi kutoka mavunoni, kwa hiyo hatukuhangaika kutafuta wazo. Alichora mbuyu nyuma, akachora kikapu chini, kisha akachora zabibu ya zambarau inayodondoka kutoka juu. Kikapu kinasogezwa kwa vishale vya kibodi, na kila zabibu inayoingia huleta alama moja. Hivyo ndivyo alivyokusudia. Alipobonyeza bendera, zabibu ya kwanza ikampa alama 9. Ya pili ikampa 9. Ya tatu, aliyoidaka kwa ukingo wa kikapu huku akikimbia, ikampa 4.

Mimi sikujua kosa liko wapi. Kijana mmoja wa mtaani kwetu, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma, ndiye aliyenisaidia kuiweka programu hii, na aliponiaga aliniachia agizo moja: "Mama, wakikwama usishike kipanya. Waulize tu wanaona nini." Nikauliza. Mwanangu akasema anaona zabibu inapita ndani ya kikapu badala ya kukaa. Binti wa jirani akasema labda zabibu inahesabiwa kila hatua inapopita. Wakabishana. Ndipo mwanangu alipofanya jambo ambalo hakufundishwa na mtu yeyote: akapunguza mwendo wa zabibu kutoka hatua 5 hadi hatua 1, akakiacha kikapu kimetulia, akatazama. Zabibu ikashuka taratibu kama tone la asali, na namba za alama zikapanda moja baada ya nyingine mpaka 45, ndipo ikatokea upande wa chini.

"Mama," akasema, "kompyuta haijui kwamba ni zabibu ileile. Inaulizwa kama inagusa kikapu, inajibu ndiyo. Inaulizwa tena, inajibu ndiyo."

Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Amri za gemu zilikuwa ndani ya tofali la kurudia bila kikomo, ambalo kwenye Scratch huzunguka takriban mara 30 kwa sekunde, na kila mzunguko ulioikuta zabibu ikigusa kikapu uliongeza alama. Dawa yake ilikuwa tofali moja tu, nalo waligundua wenyewe baada ya majaribio mawili yaliyoshindikana: mara alama inapoongezwa, zabibu irudishwe juu papo hapo, mahali popote pasipotabirika. Zoezi hilo lilichukua jioni nzima, chai ikapoa. Mtoto huyu alikuwa ameangalia tatizo, akatoa dhana, akabuni kipimo cha kuithibitisha, kisha akarekebisha, na yote hayo aliyafanya kwa sababu alitaka gemu lake liwe la haki. Sijui daftari gani lingeweza kumfikisha hapo.

Faida nyingine ilikuja pasipo kutarajiwa. Jukwaa la Scratch, yaani sehemu ya skrini ambamo gemu huonekana, lina upana wa hatua 480 na kimo cha hatua 360, na sifuri iko katikati, kwa hiyo kwenda kulia ni namba chanya hadi 240 na kwenda kushoto ni namba hasi hadi -240, ilhali juu ni 180 na chini ni -180. Mwanangu alikuwa hajafundishwa namba hasi shuleni. Alipotaka kikapu kiende kushoto na kikagoma kwenda isipokuwa kulia, binti wa jirani alimwambia aweke alama ya kutoa mbele ya 10. Akaweka, kikaenda. Baadaye nilimkuta akichora mstari kwenye vumbi la uani, sifuri katikati, namba zikienda pande zote mbili, akimweleza mdogo wake kwa nini -200 iko mbali zaidi kushoto kuliko -50. Mimi nilizikariri namba hasi nikiwa mkubwa kuliko yeye, na sikuwahi kuziona zikisogeza kitu.

Sasa niseme kuhusu vifaa, maana hapa ndipo wazazi wengi watakapokwama. Scratch haifai kwenye simu ndogo, kwa kuwa matofali hayaonekani vizuri na vidole havina pa kuvutia. Inataka kompyuta au angalau tableti. Nilinunua kompyuta mpakato iliyotumika, kwa shilingi 350,000, katika duka moja la mjini, na muuzaji akanihakikishia kwamba itabeba programu yoyote. Nilipofika nyumbani nikakuta ina Windows 7, na Scratch ya kutumia bila intaneti inahitaji Windows 10 au ya baadaye. Ilibidi nimlipe fundi aibadilishe. Ukienda kununua, omba iwashwe mbele yako na uulize toleo la Windows kabla ya kutoa fedha, na ukague pia betri. Umeme ukikatika, betri nzima ndiyo inayoiokoa kazi ya mtoto, na hata hivyo tumejizoesha kuihifadhi kila baada ya dakika chache.

Bando si kikwazo. Nilipakua programu mara moja, na tangu hapo tunafanya kazi bila intaneti kabisa. Kazi za watoto zinahamishwa kwa flashi kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kwa mzazi kama mimi, asiyependa mtoto akutane na watu asiowajua mtandaoni, hilo ni jema maradufu. Zipo nyongeza chache zinazohitaji intaneti, kama ile ya kutafsiri na ile ya kugeuza maandishi kuwa sauti, lakini hatujazihitaji. Badala yake watoto wanarekodi sauti zao wenyewe, na zabibu yetu inapodakwa husikika sauti ya binti wa jirani ikisema "Nimekupata!"

Nimepima pia njia nyingine. Minecraft, ambayo Microsoft iliinunua mwaka 2014 kwa dola bilioni 2.5, ina toleo la elimu linalomwezesha mtoto kutoa amri ndani ya ulimwengu wa gemu lenyewe, na kwa shule yenye uwezo ni kitu kizuri. Lakini linahitaji leseni na mashine yenye nguvu zaidi ya hii yangu. Tovuti ya Code.org ina mazoezi ya bure yenye wahusika wa Minecraft, yanayofaa kwa mtoto anayeanza kabisa, ila humo anafuata njia iliyokwisha kuchorwa na mtu mwingine. Kwa wadogo wa miaka 5 hadi 7 ipo ScratchJr, iliyotoka mwaka 2014, ambayo matofali yake ni ya picha tupu, hivyo hata asiyejua kusoma anaitumia kwenye tableti. Nimemwekea mdogo wake mwanangu, naye anafurahi.

Upungufu wa Scratch upo. Haitaunda lile gemu la mpira linalochezwa kibandani, lenye viwanja halisi na wachezaji wanaofanana na watu, na mtoto asipoelezwa hili mapema atavunjika moyo katika wiki ya kwanza. Mwanangu alilia. Nilimwonyesha kwamba gemu la kibandani hutengenezwa na mamia ya watu kwa miaka, nikamwuliza yeye na mwenzake wanaweza kuunda nini kufikia Jumapili. Pia Scratch haijifundishi yenyewe kwa kila mtoto. Miongozo iliyomo ni mizuri, lakini mtoto akikwama bila mtu wa kumsikiliza, hufunga kompyuta na kurudi kwenye kucheza. Si lazima mtu huyo awe mtaalamu. Mimi ni mshonaji wa nguo, na kazi yangu kubwa katika miezi hii imekuwa kukaa kando na kuuliza wanaona nini. Kwa yote hayo naipa alama 9 kati ya 10, na hiyo moja iliyobaki naizuia kwa ajili ya watoto wengi wa mkoa huu ambao kompyuta ya kuiwekea hawana.

Mwanangu bado huenda kibandani, sasa ni Jumamosi tu kwa makubaliano yetu. Wiki iliyopita alirudi mapema kuliko tulivyopatana, akavua viatu mlangoni na kuniuliza hata kabla ya salamu: yule golikipa wa kwenye gemu anajuaje aruke upande gani? Nikamwambia amwulize mwenzake. Tangu siku hiyo wana faili jipya linaloitwa Penalti. Golikipa wao anachagua namba bila mpangilio kati ya 1 na 3, kisha anaruka kushoto, anabaki katikati au anaruka kulia. Binti wa jirani anasema hilo halitoshi, kwa sababu golikipa wa kweli humtazama mpigaji, na jana jioni walikuwa bado wanatafuta tofali la kumpa macho.